Pedi ya USB kwenye mashine ya gemu ya zamani: usikate waya

Msomaji wa Busia, upande wetu wa Uganda, ameandika hivi:

"Fundi, nimenunua kabati la gemu la zamani kwa mzee aliyekuwa anafunga ukumbi wake. Skrini inawaka na gemu linaanza vizuri, ila joistiki zote mbili zimekufa. Bodi ina meno 28 kila upande. Nina pedi mbili za PlayStation 4 na waya zake za USB. Mdogo wangu ana miaka 15 na mkono wake wa kulia hauna nguvu; joistiki ile ngumu hata ikitengenezwa haimfai, lakini pedi anaimudu. Fundi wa simu hapa mjini anasema atakata waya wa USB, nyekundu aunge kwenye volti 5, nyeusi kwenye hasi, na mbili zilizobaki aziunge kwenye vitufe. Itafanya kazi? Kama haitafanya, nifanye nini?"

Ndugu yangu, mwambie asikate. Haitafanya kazi, na huenda ukapoteza pedi, au bodi, au vyote viwili. Lakini unachokitaka kinawezekana kabisa, vipuri vyake vinajaa kwenye kiganja, na kwa ajili ya mdogo wako njia hii ina faida ambayo joistiki mpya isingekupa. Nitaieleza kwa urefu, kwa sababu ukielewa ni kwa nini haviongei hutapotea njiani.

Nyekundu na nyeusi huyo fundi amepatia. Shida iko kwenye nyeupe na kijani, zile mbili zilizobaki, ambazo ni za data. Jiulize tu: pedi ina vitufe zaidi ya kumi, nyaya za data ni mbili. Vitufe kumi vitapitaje kwenye nyaya mbili? Havipiti kama vitufe, vinapita kama ujumbe. Ndani ya pedi mna kompyuta ndogo inayoandika hali ya vitufe vyote kama orodha ya namba, kisha inangoja kuulizwa. Kwa USB kifaa hakisemi kabla hakijaulizwa. Lazima upande wa pili awepo mwenyeji anayeanza mazungumzo: akipe kifaa anwani, akiulize wewe ni nani, unatuma taarifa za namna gani, kisha aendelee kukiuliza tena na tena, "kuna jipya?" Asipokuwepo wa kuuliza, kifaa hukaa kimya. Kanuni za USB zinasema waya ukinyamaza kwa milisekunde 3 tu, kifaa kinapaswa kujilaza. Kwa hiyo ukiunga pedi kwenye bodi jinsi anavyotaka huyo fundi, itapata umeme na kubaki imelala.

Bodi yako yenyewe haijui kuuliza. Mpangilio wake ulibuniwa kabla USB haijatolewa. Toleo la kwanza la USB ni la 1996, na mpangilio wa meno 28 kwa 28 unaoitwa JAMMA ulianza 1985, ulipokubaliwa na chama cha watengenezaji wa mashine za burudani cha Japani ili mwenye ukumbi aweze kubadilisha gemu bila kufunga nyaya upya. Kila kitufe kina jino lake. Ndani ya bodi, kila jino la kitufe limeshikiliwa juu, kwenye volti 5, na rezista ndogo, yaani kipuri kinachobana umeme. Kitufe ni swichi tu inayoligusisha jino hilo na graundi, yaani ule upande wa hasi. Likigusa graundi volti inashuka, na bodi inaelewa kwamba umebonyeza. Likiachwa linapanda tena lenyewe. Hiyo ndiyo lugha yote ya bodi, na haina neno la pili.

Wewe uko Busia, mfano huu umeuona kwa macho. Lori linafika mpakani na makaratasi yake, na mpagazi anasubiri upande wa pili. Mpagazi hasomi fomu za forodha. Anatakiwa mtu katikati anayejua kuzisoma, kisha amwambie mpagazi neno moja: shusha. Pedi ndiyo yenye makaratasi, bodi ndiyo mpagazi, na kinachokosekana kwako ni yule wa katikati. Nitamwita mkalimani.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha bodi ni JAMMA kweli, kwa sababu zipo bodi za zamani zenye meno kama hayo na mpangilio wake mwenyewe. Hapo lazima ufungue kabati, na nakuomba hili ulisome mara mbili: kaa mbali na nyuma ya skrini. Skrini ya chogo hubeba zaidi ya volti elfu 20 kwenye ule waya mnene wenye kikombe cha mpira, na kioo chake kinaweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Kazi yetu yote iko kwenye meza ya joistiki na kwenye soketi ya bodi, ambako volti ni 5 na 12. Tena, kama kabati limetoka Japani, lilitengenezwa kwa volti 100, nasi huku tuna 240. Ukiona ndani yake transfoma nzito ya chuma, usiiruke wala usiitoe, hata kama mtu atakuambia haina kazi. Mara nyingi ndiyo inayoshusha umeme, na kwa skrini nyingi za aina hii ndiyo inayozitenga na umeme wa ukutani.

Sasa chukua joistiki iliyokufa, usiitupe, ndiyo ramani yako. Mashine ikiwa imezimwa na plagi imechomolewa, weka mita kwenye mlio, ncha moja kwenye swichi ya joistiki, nyingine uitembeze kwenye soketi ya bodi hadi ilie. Kwenye JAMMA, upande wenye chipu meno huhesabiwa 1 hadi 28, na hapo ndipo alipo mchezaji wa kwanza: 1 na 2 ni graundi, 3 na 4 ni volti 5, 16 ni sarafu, 17 ni kitufe cha kuanza, 18 juu, 19 chini, 20 kushoto, 21 kulia, na 22 hadi 24 ni vitufe vitatu vya kuchezea. Upande wa pili meno yana herufi, na mchezaji wa pili anakaa mgongoni mwa wa kwanza. Jino la 7 halitumiki. Mahali pake kwenye soketi huwa na kizuizi kinachozuia bodi kuingia kichwa chini. Kama kizuizi hicho kimeng'oka, weka alama ya rangi upande wa juu leo hii, kwa sababu ukiigeuza bodi unapeleka volti 12 mahali pasipostahili.

Jambo moja huwachanganya wengi hapa. Ukisukuma joistiki juu, swichi inayobonyezwa ni ya chini. Kijiti kimekaa kwenye egemeo, kichwa kikienda juu mkia unaenda chini. Kwa hiyo usifuate waya wa swichi iliyo juu ukadhani ndio waya wa juu. Sukuma kijiti kwa mkono, sikiliza swichi ipi imelia tik, ufuate waya wa hiyo.

Mita ikikubaliana na namba hizo, washa mashine, gemu lianze. Chukua kipande cha waya, ncha moja ishike graundi, nyingine gusa jino la 16. Unapaswa kusikia gemu likipokea sarafu. Gusa 17, gemu linaanza. Gusa 20, mtu wako anatembea kushoto. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado jaribio hilo la waya mmoja hunifurahisha, maana hapo unaicheza mashine kwa kipande cha waya na unaona ilivyo nyepesi kuelewa. Pima pia volti za jino la 18 likiwa limeachwa. Ukikuta karibu na 5, umethibitisha nilichosema juu ya rezista.

Tuje kwa mkalimani. Kuna adapta zilizokwisha kutengenezwa nje ambazo hupokea pedi ya USB na kutoa nyaya za vitufe, na ukipata ndugu anayesafiri unaweza kumwagiza. Mimi ningekushauri uitengeneze mwenyewe kwa Raspberry Pi Pico, ile kadi ndogo ya kijani iliyotoka 2021 kwa bei ya dola 4. Kwetu inauzwa zaidi ya hapo, lakini bado ni rahisi kuliko vitu vingine vinavyofanya kazi hiyo. Sababu ya kuichagua ni kwamba mlango wake wa USB unaweza kuwa kifaa au kuwa mwenyeji. Hilo la pili ndilo tunalolitaka, na vidhibiti vingi vya bei ndogo, yaani kompyuta ndogo za aina hii, havina. Chukua mbili, moja kwa kila pedi. Unaweza kuunga pedi mbili kwenye Pico moja kwa kutumia habu, kile kifaa cha kugawa mlango mmoja wa USB, ila utajiongezea kichwa cha kuumwa ili kuokoa pesa kidogo, na moja ikiharibika wachezaji wote wawili wamelala.

Mlango wa Pico ni ule mdogo wa simu za zamani. Nenda duka lolote la simu uombe kebo ya OTG, ile watu wanayotumia kuunga flashi kwenye simu. Ingiza upande mdogo kwenye Pico, na upande mkubwa pokea waya wa pedi. Umeme wa volti 5 uchukue kwenye pawa saplai ya kabati, uupeleke kwenye pini ya 40 ya Pico, ile iliyoandikwa VBUS. Pini hiyo inalisha Pico yenyewe na wakati huohuo inatoa umeme kwenye mlango wa USB, kwa hiyo pedi inapata chakula chake bila waya mwingine. Njiani weka fyuzi ya miliampia 500 inayojirudisha yenyewe, na karibu na Pico weka kapasita ya mikrofaradi 100. Na umeme ukiwa unatoka kwenye kabati, usiichomeke Pico kwenye kompyuta. Ukitaka kuibadilishia programu, chomoa kwanza ule waya wa pini ya 40.

Pedi za PlayStation 4 zina betri na taa, na betri ikiwa tupu itaanza kunywa umeme wa pawa saplai iliyopimwa kwa ajili ya gemu tu. Baada ya kuunga zote mbili, rudi kwenye bodi upime meno ya 3 na 4. Yanapaswa kubaki karibu na volti 5.0. Yakishuka chini ya 4.8 gemu linaweza kujiwasha upya katikati ya mchezo, na watu wengi hapo hudhani bodi imekufa. Pawa saplai nyingi zina kitundu cha bisibisi cha kupandishia volti. Kizungushe taratibu, mita ikiwa kwenye meno ya bodi na si kwenye pawa saplai, usivuke 5.1.

Sasa sehemu ambayo nimeona kazi nyingi zikiharibikia, pamoja na yangu.

Pini za Pico ni za volti 3.3. Meno ya bodi yanashikiliwa kwenye 5. Usiziunge moja kwa moja. Na hata ungekuwa na kidhibiti cha volti 5, mkalimani hatakiwi kamwe kuusukuma waya juu. Kazi yake ni kuuvuta chini au kuuachia, basi. Ukiusukuma juu, halafu mtu akabonyeza swichi ya zamani iliyobaki kwenye waya uleule, volti 5 zako zinaingia graundi bila kizuizi, na pini ya kidhibiti inaungua. Kinachotakiwa katikati ni swichi ya umeme, yaani transista, moja kwa kila kitufe.

Mkalimani wangu wa kwanza nilimfunga kwa chipu ya ULN2803. Inapendeza kwa macho: ndani yake zimo njia nane za transista, rezista zimo, unaokoa nafasi na kulehemu kwingi. Niliifunga usiku, nikajaribu, juu, chini, kushoto, vyote sawa. Asubuhi mwenye mashine alipokuja, kitufe cha pili cha mchezaji wa kwanza kikawa kinaitika mara kinakataa. Nikalehemu upya. Nikabadilisha waya. Nikalaumu pedi. Mwishowe nikaweka mita kwenye jino la 23 huku kitufe kimebonyezwa, nikasoma volti 0.8. Nikakaa chini.

Chipu za enzi hizo huhesabu chini ya volti 0.8 kuwa kitufe kimebonyezwa, na juu ya volti 2 kuwa kimeachwa. Kati ya hapo hakuna anayeapa. ULN2803 imejengwa kwa transista mbili zilizobebana kwa kila njia, na muundo huo hauwezi kushuka hadi sifuri. Unaishia kwenye sehemu saba au nane za kumi za volti. Ukiongeza urefu wa nyaya za kabati na viungio vyenye kutu, uko juu ya mstari wenyewe. Usiku ule ulikuwa na bahati, asubuhi haikuwa nayo. Nikaing'oa, nikaweka BC547 za kawaida, mita ikasoma 0.1 kwa kila kitufe, na tatizo halikurudi tena.

Kwa hiyo tumia BC547, zinapatikana kwa muuza vipuri vya redio yeyote. Ishike upande bapa ukikutazama, miguu chini: wa kushoto ni kolekta, unakwenda kwenye jino la bodi, wa katikati ni besi, unakwenda kwenye pini ya Pico kupitia rezista ya kilo-omu 4.7, wa kulia ni emita, unakwenda graundi. Wakikuuzia 2N3904 badala yake, itafanya kazi vilevile ila kolekta na emita zimebadilishana mahali, na hilo limewapotezea watu jioni nzima. Rezista za ndani ya bodi mara nyingi huwa za kilo-omu 1 au zaidi, kwa hiyo transista inameza miliampia 5 tu, na nusu miliampia inayotoka kwenye besi inatosha kuifungua kabisa. Tena pini za Pico, umeme unapoingia kabla programu haijaanza, huwa zimevutwa chini, hivyo transista zote zimefungwa na gemu haliamki likidhani kuna mtu amelala juu ya vitufe. Graundi ya Pico na ya bodi lazima iwe moja. Usiposikia lolote kati ya haya, sikia hilo.

Pengine utasikia ushauri wa kufungua pedi ya bei rahisi na kulehemu nyaya kwenye vitufe vyake, bila kompyuta yoyote. Inawezekana kwa baadhi ya pedi, lakini ile raba nyeusi chini ya kitufe si chuma, ina ukinzani wake. Ikiwa na omu 200 na rezista ya bodi ni 1,000, volti inashuka hadi 0.83 tu, na umerudi kwenye mkosi wa ULN2803. Kwa pedi zako sikushauri.

Upande wa programu usiogope. Maktaba ya programu, yaani mkusanyo wa kazi zilizokwisha kuandikwa, inayoitwa TinyUSB, inayokuja pamoja na zana za Pico, ina mfano uliokwisha kuandikwa wa kusoma pedi ya DualShock 4, ambayo ndiyo yako. Pedi hiyo hutuma taarifa ya baiti 64, yaani orodha ya namba 64. Ukihesabu kuanzia sifuri, baiti ya 1 na ya 2 ni kijiti cha kushoto, ya 3 na ya 4 ni cha kulia, kila moja kutoka 0 hadi 255, katikati ikiwa karibu na 128. Baiti ya 5, nusu yake ya chini ni ule msalaba wa mishale: 0 ni juu, halafu namba zinazunguka kama saa, 2 kulia, 4 chini, 6 kushoto, na 8 maana yake hakuna kilichoguswa. Nusu ya juu ni mraba, msalaba, duara na pembetatu. Baiti ya 6 ina L1, R1, L2, R2, Share, Options, na kubonyeza vijiti vyenyewe. Kazi ya programu ni kusoma baiti hizo na kuzifungua transista zinazohusika. Kama pedi zako ni za kuigiza, na mjini zimejaa, jaribu moja kwanza kabla ya kulehemu chochote: baadhi hujitambulisha kwa jina jingine na taarifa yake hupangwa tofauti. Pedi za Xbox zina lugha yake tofauti kabisa, kwa hiyo asikubadilishie mtu katikati ya kazi.

Ili kijiti kisilete mwelekeo kikiwa hakijaguswa, acha nafasi ya katikati: chini ya 64 ni kushoto, juu ya 192 ni kulia, kati ya hapo si kitu. Na weka sharti kwamba kushoto na kulia havitoki pamoja kamwe, wala juu na chini. Joistiki ya chuma isingeweza kufanya hivyo, kwa hiyo walioandika magemu yale hawakujisumbua kujikinga, na baadhi hufanya mambo ya ajabu yakipokea vyote viwili. Pedi inaweza, kwa mfano kijiti kikienda kushoto na mshale ukibonyezwa kulia. Kama siku moja utaweka Pac-Man ya 1980 au Donkey Kong ya 1981, jua kwamba joistiki zake zilikuwa za njia nne tu. Mshazari unayachanganya. Hapo programu ishike mwelekeo mmoja, ule wa mwisho. Jambo jingine dogo: pedi ikichomoka, programu iachie vitufe vyote mara moja, la sivyo mtu wako ataendelea kutembea hadi ukutani.

Watu huuliza juu ya kuchelewa. Gemu la zamani huchora picha karibu mara 60 kwa sekunde, kila picha milisekunde 16.7, na mara nyingi husoma vitufe mara moja kwa kila picha. Mkalimani wa waya anakula milisekunde chache tu kati ya hizo. Mdogo wako hataona. Bluetooth achana nayo.

Sasa kuhusu mdogo wako, na hapa ndipo ningetumia muda wangu. Kwa kuwa mkalimani ni programu, hakuna sheria inayosema kitufe cha ngumi lazima kikae kulia. Pedi ya PlayStation 4 upande wake wa kushoto una kila kitu anachokihitaji: kijiti chini ya kidole gumba, L1 na L2 chini ya kidole cha shahada na cha kati, na kijiti chenyewe kinabonyezeka. Mpe mwelekeo kwenye kijiti, L1 iwe kitufe cha kwanza, L2 cha pili, kubonyeza kijiti kiwe cha tatu. Share iko kushoto pia, ifanye kuwa kitufe cha kuanza. Gemu zima liko kwenye mkono mmoja, na ule wa kulia unaweza tu kuegemeza pedi kwenye paja au juu ya meza.

Usimfungie mpangilio wa kwanza ukaondoka. Kaa naye, mwache acheze, uangalie mkono wake na si skrini. Kama kubonyeza kijiti kunamtoa kwenye mwelekeo anaokwenda, kitufe cha tatu kihamishie kwenye mshale wa juu. L2 ina safari ndefu. Kama inamchosha, programu iipokee ikiguswa kidogo tu, kwa sababu pedi hutuma pia ni kiasi gani imebonyezwa, kwenye baiti ya 8 kwa L2. Kama kuna gemu linalotaka kubonyeza harakaharaka, programu inaweza kurudia yenyewe mara kadhaa kwa sekunde akishikilia kitufe, na huo si udanganyifu, ni njia ya kumfikisha mezani pamoja na wengine. Na pedi ya pili iache na mpangilio wa kawaida. Rafiki zake watacheza kwa mikono miwili, yeye kwa mmoja, kwenye mashine ileile, wakati uleule.

Vitufe sita vya magemu ya kupigana, kama Street Fighter II ya 1991, vina jambo lake: JAMMA ina vitatu tu kwa kila mchezaji, vitatu vingine hupita kwenye soketi ndogo ya ziada juu ya bodi. Bodi yako ikiwa nayo, ongeza transista tatu kwa kila Pico. Pini zipo za kutosha.

Limebaki la sarafu. Kama mashine itakaa nyumbani, mpe sarafu kitufe kimoja cha pedi, lakini programu itume mguso mfupi, kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, hata kidole kikikaa pale muda mrefu. Baadhi ya bodi zikiona waya wa sarafu umeshikwa chini kwa muda, hudhani sarafu imekwama na kulia kwa hitilafu. Kama unakusudia kuiweka dukani watoto walipie, basi jino la 16 usilipeleke kwenye pedi hata kidogo. Mdomo wa sarafu uliokuja na kabati huenda hauijui mia tano yetu, kwa hiyo chukua kitufe cha kengele ya mlango, kifunge chini ya kaunta upande wako, waya mmoja graundi na mwingine jino la 16. Mtoto akikupa pesa, unabonyeza.

Anza na kile kipande cha waya. Kabla hujaagiza Pico, kabla hujanunua hata transista moja, mwite mdogo wako aone: wewe gusa 16, kisha yeye ashike waya kwa mkono wa kushoto aguse 17.